Maswali ya Wasomaji: Nyasi za Uwanja, Kuanzia Kipupwe Hadi Mvua za Kwanza

Barua za safari hii kutoka Mtwara na Lindi karibu zote hazihusu viwanja vikubwa vya Nangwanda Sijaona wala Ilulu. Zinahusu viwanja vya shule na vya kata: uwanja usio na kisima, wenye fyekeo mbili na bomba la kupulizia lililoazimwa kwenye shamba la mikorosho. Tumejibu kwa kuzingatia hali hiyo. Vipimo vyote ni vya uwanja wa mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Kama wako ni mdogo, punguza kwa uwiano.

Uwanja umekuwa rangi ya mkeka. Nyasi zimekufa?

*Ndugu wahariri, uwanja wetu ni wa ukoka. Tangu mwishoni mwa Juni umekauka wote. Wanafunzi wanamwagia ndoo kila jioni lakini hatuoni mabadiliko. Tung'oe tupande upya? – Mwalimu wa michezo, Nachingwea*

Mwalimu, using'oe kitu bado. Ukoka unapokosa maji huacha majani yakauke, ukajihifadhi kwenye mashina ya chini ya ardhi. Chimba kipande cha ukubwa wa kiganja, kina cha sentimita 10, sehemu tatu au nne tofauti za uwanja. Chana mashina hayo kwa wembe. Yakiwa meupe na yana unyevu ndani, nyasi zimelala tu. Yakiwa ya kahawia na yanavunjika kama kijiti, pale pamekufa. Ukibaki na shaka, weka kipande kwenye kopo, kimwagilie kila siku mahali penye jua. Kilicho hai kitachipua ndani ya wiki mbili.

Sasa hizo ndoo za jioni. Nia ni njema, lakini ndizo zinazoumiza uwanja. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ndoo ya lita 20 kwenye eneo la mita nne kwa nne inatoa milimita moja na robo, na jua la kesho yake linaimaliza kabla ya adhuhuri. Maji hayo hayafiki kwenye mizizi, ila yanatosha kuuamsha ukoka. Unachipua kwa kutumia akiba yake, chipukizi linakauka, unachipua tena. Mchezo huo ukirudiwa miezi mitatu, akiba inakwisha na Desemba hakuna kinachoota isipokuwa magugu.

Kuuweka uwanja mzima kijani wakati wa kiangazi kunahitaji takriban milimita 25 kwa wiki. Hiyo ni lita 178,500, sawa na maboza 18 ya lita 10,000 kila wiki. Ni wazi hakuna kamati ya shule itakayomudu. Kwa hiyo chagua: uwanja ulale, ila uokoe mbele ya magoli, ambako viatu vinachimba kuliko kwingine kote. Eneo la mita 20 kwa 8 mbele ya kila goli, yote mawili, ni mita za mraba 320. Hapo milimita 25 ni lita 8,000 tu kwa wiki, yaani boza moja halijaisha. Gawa mara mbili, lita 4,000 kila mara, na umwagilie alfajiri kabla kusi halijaanza kuvuma. Baada ya saa moja chimba kidogo. Unyevu uwe umeshuka sentimita 10 hadi 15.

Kama hata boza hilo hamlipati, hamisheni mazoezi. Nyasi zilizolala hazijitibu: kinachong'olewa Julai kinabaki kipara hadi mvua. Wekeni magoli ya muda ya miti, mchezee kukata uwanja kwa upana wake, na kila baada ya wiki mbili msogee upande mwingine.

Nyasi za majira ya baridi

*Nimesoma kuwa kabla ya baridi uwanja hupandwa mbegu za nyasi nyingine juu ya zile za zamani ili ubaki kijani. Huku Newala kuna baridi. Tufanye? – Msomaji, Newala*

Hapana. Utaratibu huo ni wa kusini mwa Marekani na sehemu za Afrika Kusini. Huko udongo ukishuka kufikia nyuzi 10 hivi ukoka hulala kwa baridi, nao hupanda nyasi aina ya *raigrasi* zinazostahimili baridi, wakizimwagilia kila siku. Baridi ya Newala inakudai sweta, lakini udongo wake haufiki huko. Kinacholaza nyasi zenu ni ukosefu wa maji, na mbegu ngeni nazo zitayataka maji hayo hayo msiyo nayo. Ushauri wowote unaosoma kuhusu umande ulioganda, theluji au kufunika uwanja dhidi ya baridi, upite.

Kukata, mbolea na kuchoma moto

*Je, tukate nyasi fupi kabisa kabla ya kiangazi ili zisile maji? Na wazee wanasema tuchome uwanja Oktoba. – Katibu wa timu, Ruangwa*

Kinyume chake. Jani refu kidogo hukinga udongo na jua, na mzizi hufuata urefu wa jani. Msimu wa mvua mnaweza kukata hadi sentimita 3. Kuanzia mwishoni mwa Aprili pandisheni hadi 5, na nyasi zikiacha kukua, acheni kukata. Msiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Fyekeo butu huchana jani badala ya kulikata, na ncha iliyochanika hukauka haraka, basi noeni kila mnapoanza kazi.

Mbolea ya mwisho yenye naitrojeni isipite katikati ya Machi. Urea ya Aprili inatoa majani mengi laini yatakayokutwa na ukame bila mizizi ya kuyalisha. Kinachofaa Aprili ni potashi: mfuko mmoja na nusu wa MOP (kloridi ya potasiamu), kilo 75 kwa uwanja wote, mvua ikiwa bado inanyesha ili iyeyuke. Potashi husaidia mmea kutunza maji yake. Urea irudi mvua zikishakaa, wiki ya pili au ya tatu, kilo 40 kwa uwanja. Kwenye mchanga wa huku ni bora kuigawa mara mbili kuliko kuimwaga yote ikaoshwa kwenda chini.

Moto, tunawaomba msiwashe. Mashina ya chini yatapona, lakini yatambaayo juu yataungua, na hayo ndiyo yanayofunika vipara. Mnabaki na udongo mtupu unaosubiri mvua, na mbegu za magugu huota vizuri zaidi penye mwanga na nafasi. Karibu magugu yote mnayoyalalamikia Januari yamepata nafasi yake kwenye vipara vya Agosti.

Ndago: tunang'oa, inarudi mara mbili

*Mwaka jana tulileta malori ya mchanga wa bondeni kusawazisha uwanja. Sasa ndago imejaa nusu nzima. Vijana wanang'oa kila Jumamosi. – Mwenyekiti wa kamati ya uwanja, Lindi mjini*

Mwenyekiti, ndago imeingia na mchanga ule. Mchanga wa mabondeni na kingo za mito hubeba vitunguu vyake, vile viazi vidogo vyeusi. Siku nyingine, kabla ya kununua lori, jaza ndoo moja ya mchanga kutoka sehemu mbalimbali za rundo, ilowanishe, iweke juani wiki tatu. Ukiota ndago, usinunue.

Kung'oa kunashindwa kwa sababu ya jinsi mmea ulivyofungwa. Vitunguu vimeungana kama shanga kwenye uzi, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Kimoja kwenye uzi huwazuia wenzake wasichipue. Ukivuta jani, uzi unakatika, na kila kitunguu kilichobaki kinakuwa huru kuota. Ndiyo maana inarudi mara mbili, hamjakosea kuhesabu.

Hapa kiangazi cha kusini ni rafiki mkubwa. Kitunguu cha ndago hakivumilii kukauka. Kwenye vipara na sehemu ambazo ukoka umeshashindwa kabisa, mwezi Agosti au Septemba chimbeni kwa uma wa shamba au jembe la meno hadi sentimita 20, mgeuze udongo, na mwache vitunguu juu, wazi kwa jua, wiki mbili. Rudieni mara ya pili kwa kugeuza upande mwingine, kisha mkusanye kwa reki na kuteketeza. Msimwagilie hata tone katika kipindi hicho. Kazi hiyo ikifanywa Januari inageuka kuwa kupanda ndago, kwa hiyo majira yake yasikosewe.

Penye ukoka ulio hai msichimbe. Hapo dawa inayofaa ni yenye kiambato cha *halosulfuroni*, ambayo hushambulia jamii ya ndago na kuacha ukoka. Ya asilimia 75 hutumika gramu 70 hivi kwa hekta. Kwa bomba la lita 16 linalofunika mita za mraba 800, hiyo ni gramu 5 na nusu. Kijiko hakipimi kiasi hicho. Tafuteni mizani ndogo ya gramu. Ongezeni kinatishio, kile kimiminika cha kufanya dawa ishike kwenye jani, mililita 40 kwa bomba, maana jani la ndago lina nta na maji huteleza. Pulizeni ndago ikiwa na majani matatu hadi manane, kabla haijatoa maua, kwa kawaida mwishoni mwa Desemba au Januari. Msifyeke siku mbili kabla na siku mbili baada. Matokeo huonekana baada ya wiki mbili au tatu. Wengi huona kimya wakarudia siku ya tano, na hapo ndipo ukoka unaumia. Rudieni baada ya wiki sita hadi nane kwa ile iliyochipua upya. Kabla ya kununua, angalieni kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na lebo yake ikitoa kipimo tofauti na hiki, fuateni lebo.

Dawa ya magugu imegoma, na jirani analalamika

*Julai tulipuliza 2,4-D kwa mashine ya injini ya mikorosho. Magugu yalisinyaa kidogo tu, ila majani machanga ya mikorosho ya jirani yamejikunja. – Mlezi wa timu, Masasi*

Mambo mawili yametokea, na yote yana sababu. La kwanza ni majira. 2,4-D huingia kupitia jani na kusafiri na utomvu hadi mizizini. Gugu la Julai lina jani gumu lenye vumbi na karibu halikui. Dawa inaunguza juu na mzizi unabaki. Wakati wake ni magugu ya majani mapana yakiwa machanga, majani mawili hadi manne, wiki tatu au nne baada ya mvua za kwanza. Nafasi ya pili ni Aprili, udongo ukiwa bado na unyevu.

La pili ni chombo. Mashine ya injini imetengenezwa ipandishe vumbi la salfa na ukungu wa dawa hadi kwenye kilele cha mkorosho. Kwa kiuagugu ni hatari tupu: matone yake ni madogo mno na kusi huyabeba mbali. Mkorosho, mpapai, mhogo, mbaazi, ufuta na nyanya vyote ni vya majani mapana, na Julai mikorosho inachipua na kutoa maua. Mwendeeni jirani mapema mzungumze, kabla ya msimu wa korosho kufika na hasara kubishaniwa.

Mtumie bomba la mgongoni lenye noseli ya kutoa tone kubwa, bapa kama feni, ikiwa sentimita 50 kutoka ardhini. Kwanza pimeni mwendo: pima eneo la mita 10 kwa 10, jaza maji matupu, puliza kwa mwendo wa kawaida, kisha angalia maji yaliyotumika. Yakiwa lita mbili, bomba la lita 16 litafunika mita za mraba 800, na uwanja mzima utakula mabomba tisa. Kwa 2,4-D ya aina ya *amini*, gramu 720 kwa lita, weka mililita 100 kwa bomba. Jumla ni mililita 900. Ile ya aina ya *esta* iacheni dukani, hugeuka mvuke kwenye joto na kusafiri hata baada ya kupulizwa. Pulizeni asubuhi upepo ukiwa mdogo, mwache mita 20 upande unaoelekea mikorosho na huko mng'oe kwa mkono. Wachezaji na mbuzi wasiingie kwa siku mbili.

Bomba lililobeba 2,4-D halisafishiki kwa kusuuza mara moja. Suuzeni mara tatu, mlijaze maji ya sabuni lilale usiku kucha, na maji ya kusuuzia yasimwagwe karibu na kisima wala mto. Bora zaidi ni kuwa na bomba la magugu peke yake, lililopakwa alama nyekundu.

Mbigili

*Watoto wanacheza pekupeku na mbigili zinawaumiza. – Mzazi, Kilwa Masoko*

Mbigili ni mmea wa msimu mmoja wenye mzizi mmoja mnene. Ukikatwa chini kidogo ya shingo, sentimita mbili ndani ya udongo, haurudi. Shida ni muda: kutoka kuota hadi kutoa miiba ni wiki tano au sita tu. Kwa hiyo baada ya mvua za kwanza pitieni uwanja kila wiki mbili, mkikata kila palipo na ua la njano. Iliyokwisha kuzaa ing'olewe na kuwekwa kwenye ndoo, si kuburutwa.

Kwa miiba iliyodondoka, kiangazi ndicho kinafaa. Chukueni blanketi kuukuu au magunia matatu yaliyoshonwa pamoja, muweke tofali mbili juu, mburute uwanja mzima kwa urefu, kisha kwa upana. Miiba itajishika. Geuzeni blanketi au magunia yakishajaa, na mwishowe mchome. Mbegu huweza kukaa ardhini miaka kadhaa, hivyo zoezi lirudiwe kila mwaka hadi mkose kitu.

Maji ya kisima yana chumvi

*Kisima chetu kiko karibu na bahari. Ncha za nyasi zinaungua. Pia jirani anashauri tumwage chumvi ili kuua magugu. – Msomaji, Mikindani*

Ukoka unavumilia chumvi kuliko nyasi nyingi, na *pasparamu* ya ufukweni inavumilia zaidi. Mkipanda upya, fikirieni hiyo. Kosa kubwa ni kumwagilia kidogo kila siku, kwa sababu maji yanapaa na chumvi inabaki juu kwenye mizizi. Mwagilieni mara chache kwa wingi, mkiongeza kama asilimia 15 juu ya mahitaji ili chumvi isukumwe chini. Kwenye mchanga inashuka kirahisi. Mvua za Desemba zitaosha iliyobaki.

Kumwaga chumvi, msikubali. Ukoka utakufa pamoja na gugu, na magugu yanayopenda chumvi ndiyo yatakayotangulia kurudi.

Mistari ya oili chafu

*Liwale tunachora mistari kwa oili chafu kwa kuwa inakaa muda mrefu. Kuna ubaya? – Mwamuzi, Liwale*

Upo. Oili inaua nyasi na udongo wenyewe unakataa maji, hivyo mstari unakuwa mfereji mkavu kwa miaka, na mchezaji anajikwaa. Tumieni rangi nyeupe ya maji ya ukutani, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, kwa brashi na kamba. Upana usizidi sentimita 12. Chokaa kali ya kujengea nayo muiache. Inachoma macho na ngozi za wanaoanguka.

Mvua ipo, nyasi hazishiki

*Uwanja wetu umezungukwa na mikorosho. Hata Februari ukoka ni mwembamba na wa njano. – Afisa mtendaji, Tandahimba*

Pimeni uchachu wa udongo kabla ya kununua mbolea yoyote. Mchanga wa uwanda wa Makonde tayari ni mchachu, na salfa inayopulizwa kwenye mikorosho mwaka hadi mwaka huuongezea. Chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha uchachu, ikishuka udongo ni mchachu zaidi) ukoka hudhoofu hata ukiulisha. Chukueni udongo sehemu 15 za uwanja, kina cha sentimita 10, changanyeni kwenye ndoo safi ya plastiki, mpeleke nusu kilo. Ulizieni kwanza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara, ndicho cha karibu. Ikithibitika ni uchachu, mwageni chokaa ya kilimo kilo 700 kwa uwanja mwezi Oktoba, na msiichanganye na urea siku moja, maana naitrojeni itapaa hewani.

Kuziba vipara mbele ya goli

*Tuna ukoka mzuri pembeni mwa uwanja. Tuhamishie golini lini na vipi? – Kipa, Mtama*

Subirini mvua zikae, yaani udongo uwe na unyevu hadi sentimita 15 na mvua imenyesha angalau mara tatu. Mara nyingi ni nusu ya pili ya Desemba. Kwanza toboeni eneo kwa uma wa shamba, kina cha sentimita 10, kila sentimita 10, kwa sababu golini pameshindiliwa. Ukiona nyasi za jamii ya ulezi zinazotandaza mashina bapa kama buibui, hiyo ni dalili ya udongo ulioshindiliwa. Zing'oeni kabla ya kupanda. Ongezeni samadi iliyooza kabisa, toroli moja kwa kila mita 10 za mraba. Samadi mbichi ya zizini italeta mbegu za magugu.

Kateni vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15 vyenye vifundo vitatu au vinne. Vikae chini ya gunia bichi na vipandwe siku hiyo hiyo. Saa mbili za jua zinavimaliza. Chorea mifereji ya sentimita 5, umbali wa sentimita 20, lazeni vipandikizi vikigusana ncha, fukieni theluthi mbili na mwache theluthi juu. Kanyageni kwa miguu au viringisheni pipa lenye maji. Siku mvua isiponyesha, mwagilieni, kwa wiki mbili za mwanzo. Msipulize dawa yoyote ya kuzuia magugu kuota, hasa *pendimethalini*, kwani huzuia pia mizizi mipya ya ukoka; magugu yang'olewe kwa mkono.

Zungushieni kamba na miti. Katika wiki ya tano au ya sita kateni kwa mara ya kwanza, sentimita 4. Kuchezea hapo, wiki ya kumi. Kabla ya hapo kamata nyasi kwa vidole uvute: zikitoka na udongo wake, bado hazijashika.